Gazeti Letu Lilimuua Shemeji Yangu

Wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, vuta kiti, nikupe yaliyopita kwa pumzi moja.

Mimi ni Louise. Mtaani ni Louise. Kwenye karatasi ni Citoyenne Feza Mukalay, kwa sababu sheria ilitufanya sote raia, Citoyen na Citoyenne, ikatunyang'anya majina ya ubatizo na kutuachia yale ya mababu. Nina diplome yangu, nina Kiswahili changu ambacho sikuazima kwa mtu, na nilikuwa na kazi: msahihishaji katika gazeti moja la hapa Kalemie. Jina lake silitaji. Waliolisoma wanalijua, na wasiolisoma hawakupungukiwa na kitu.

Kazi yangu ilikuwa kusoma kila neno kabla halijachapwa.

Wiki iliyopita niliwaeleza jinsi Mama Monique wa Lubuye alivyokuja bironi kwetu, yaani ofisini, na khanga mdomoni, kutangaza kifo cha bwana yake, Papa Ignace, muuza samaki. Niliwaeleza pia jinsi tangazo lilivyotoka: "Citoyen Lumbu Kasongo amefariki katika hospitali ya Kalemie." Basi. Nukta.

Shemeji yangu Anatole, fundi wa mashine ya meli, bwana wa yaya yangu Rosalie, yaani dada yangu mkubwa, naye kwenye karatasi ni Lumbu Kasongo.

Ignace kwao Kongolo. Anatole kwao Kabalo. Kule ukirusha jiwe sokoni litampiga Lumbu, na atakayegeuka kuuliza nani karusha atakuwa Lumbu mwingine. Zamani jina la ubatizo lilitosha kuwatenganisha. Lilipofutwa, mimi nikajiwekea kanuni: kila tangazo la kifo liwe na mstari wa pili, wenye kazi ya marehemu na mtaa wake. Mstari huo niliuandika. Niliusoma kwenye epreve, ile karatasi ya kwanza ya kujaribia. Nikatia sahihi, nikaenda zangu nyumbani.

Nilipogeuza mgongo, mkurugenzi akaung'oa mstari ule ili apate nafasi ya pongezi kwa mkubwa mmoja aliyepandishwa cheo. Na baada ya kuung'oa, hakuna hata mmoja aliyesoma tena.

Anatole alikuwa ziwani. Meli yao ilikuwa imeteremka Moba, halafu ikavuka kwenda Kigoma, na habari zake zikakatika. Gazeti likafika Kabalo kwa treni. Ndugu zake wakalisoma. Treni iliyorudi ikawaleta wao.

Hapo ndipo niliwaacha, wasomaji: nimesimama barabarani Kataki, mtaani kwa yaya yangu, naangalia kitanda chake kikitolewa nje.

"Rudisha hicho kitanda!"

Aliyekishika ni Gérard, mdogo wake Anatole. Alikuwa ameshavaa koti la kaka yake, lile la Jumapili. Mikono ya koti ilimfunika vidole vyote.

"Shemeki Louise," alisema, bila kukiweka kitanda chini. "Punguza sauti. Hapa kuko kilio."

"Kilio cha nani? Anatole hakufa!"

"Gazeti njo imesema."

"Gazeti ni mimi! Mimi njo nilipokea tangazo lile kwa hii mikono. Ni la Papa Ignace wa Lubuye. Muntu mwingine kabisa!"

Wanawake waliokaa chini wakakata wimbo katikati. Yaya Rosalie alikuwa kati yao, kichwa kimenyolewa, miguu imenyooshwa mbele kama mtoto. Aliinua uso. Sikuutambua.

"Louise. Bwana yangu iko muzima?"

"Iko muzima, yaya."

"Ulimuona?"

"Sikumuona, lakini lile tangazo..."

"Sikuulize tangazo. Apa. Apa mbele ya Mungu kwamba Anatole iko muzima."

Wasomaji wangu, nimekasirikiwa kwa mengi, lakini sijawahi kuapa uongo. Ningeweza kuapa kifo kilichotangazwa ni cha nani. Kuapa kwamba mtu aliyepotea juu ya maji bado anapumua, hilo sikuweza.

Gérard akacheka puani. "Umeona? Hata yeye hajui. Pitisha kitanda, vijana."

Nikatoka pale bila kumuaga mtu. Nikaenda Lubuye mbio, viatu mkononi.

Nilimkuta Mama Monique uani, na majirani wachache sana. Moto ulikuwa umezimika. Msiba gani huo, usio na chungu jikoni wala watu kwenye jamvi?

"Karibu, mama," alisema kwa sauti iliyochoka. "Miye nilisema tuweke gazetini ili watu wajue. Watu hawakuja. Hata wa Kongolo hawakuja. Nikasema kumbe bwana yangu watu hawakumupenda, na miye sikujua."

Nikamwambia. Nikamwambia unga wa rambirambi umeenda wapi, na wazee wa parokia wamekwenda kusali kwa nani, na kwaya imeimba uani kwa nani.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, akakaza khanga kiunoni.

"Nionyeshe iyo nyumba."

Tulipofika Kataki sebule ilikuwa tupu, imebaki picha ya Moyo Mtakatifu ukutani. Mama Monique hakubisha hodi.

"Nani hapa anamulilia bwana yangu bila mimi kumujua?"

Rosalie akageuka. "Miye ninamulilia wangu, mama."

"Wako? Ulimuosha? Ulimufunga kidevu? Nionyeshe kaburi! Langu liko, hata maua hayajanyauka. Lako liko wapi?"

Wanawake wakaangaliana. Mmoja akachukua mkoba wake taratibu.

Gérard akaona msiba unamteleza mkononi. Akaingilia kati.

"Mama, heshima. Muntu wa meli hana kaburi. Kaka yangu alizikwa na ziwa."

Nikamrukia hapo hapo. "Gazeti lako linasema alifia hospitali! Hospitali gani hiyo inayozamisha meli?"

Jirani mmoja akaangua kicheko, akajiziba mdomo. Wengine wakamfuata. Mwanamume aliyebeba mashine ya kushona ya yaya yangu akaiweka chini, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Nikadhani tumeshinda. Mjinga mimi.

Gérard alitoa gazeti mfukoni, lile lile, limekunjwa vizuri. Akalipigapiga kiganjani.

"Watu kufa wawili wa jina moja, iyo ni ajabu? Huyu Mama alizika wake, pole yake. Mimi gazeti inaniambia Lumbu Kasongo alikufa, na kaka yangu ni Lumbu Kasongo, na hayuko hapa. Kama iko muzima, atoke! Hatoki? Basi sikiliza, shemeki. Kitu yenye mashine iliandika, mudomo wa mwanamuke haukifute. Lete gazeti nyingine yenye kusema kaka yangu iko muzima. Siku hiyo nitarudisha hata kijiko. Kama hapana, treni ya Jumamosi tunapanda na Mama Rosalie mpaka Kabalo. Wazee watamusafisha uchafu wa kufwa kwa bwana yake, na mimi njo nitamurithi, vile inafaa."

Akamtazama dada yangu kama anavyotazamwa mbuzi aliyeshanunuliwa.

Alijua. Nawaambia alijua kabisa kwamba tangazo lile si la kaka yake. Lakini alikuwa na karatasi iliyochapwa, na mbele ya wazee wa Kabalo karatasi ile ingetosha.

Rosalie akanishika gauni.

"Louise, iyo gazeti nyingine, unaweza kuileta?"

"Nitaileta, yaya."

"Kweli?"

"Ni kazi yangu."

Mkurugenzi wetu alikuwa na majina matatu ya mababu kwenye mlango wa biro. Nyuma ya mgongo wake tulimwita Emile, kama mama yake alivyombatiza. Nilimkuta na abakosi mpya, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, anakata kucha.

"Gazeti halikosei, citoyenne."

"Gazeti limeua muntu."

"Lilisema nani alikufa?"

"Lumbu Kasongo."

"Na Lumbu Kasongo alikufa, hakufa?"

"Alikufa, lakini..."

"Basi habari ni ya kweli. Kosa liko wapi?"

"Kosa liko pale ulipong'oa mstari wangu!"

"Mstari mmoja!" Aliinua kidole kimoja na mkasi wake wa kucha. "Mstari mmoja mudogo, unanipandishia sauti?"

"Wangeondoa mstari mmoja kwenye pongezi za yule mukubwa, ungeuita mudogo?"

Nikaendelea, kwa sababu mdomo ulikuwa umeshafunguka na haukuwa na mlango.

"Papa, msomaji haoni ulichoondoa. Anaona kilichobaki, na anakiamini, kwa sababu kimechapwa. Wewe unadhani kusahihisha ni kuwinda nukta. Kusahihisha ni kujiweka pale Kabalo, stesheni, ukiwa na gazeti mkononi, hujui lolote la biro hii, na kujiuliza: nikisoma hivi nitaelewa nini? Nitafanya nini? Na ukishagusa kitu baada ya mimi kupitisha, sahihi yangu imekwisha kazi. Nirudishie nisome upya! Hata ukigusa neno moja. Hata ukisogeza. Umeweka uongo juu ya jina langu, na uongo wako umemnyoa yaya yangu kichwa!"

Nyuma yangu Claudine, mpanga herufi wetu, aliacha kupanga. Herufi za risasi ziliacha kugonga. Biro nzima ilisikia.

Emile aliweka mkasi chini. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Unataka sahihisho?"

"Nataka."

"Nitaliweka. Siku ya Jumamosi asubuhi, ukurasa wa kwanza, kwa chini. Lakini sitawaambia watu kwamba mkurugenzi alikosea. Litasema kosa ni la Citoyenne Feza Mukalay, na wewe utatia sahihi, na jina lako litachapwa chini yake. Ukikataa, hakuna sahihisho."

Claudine alisema polepole, "Louise, usifanye."

Nilifikiria diplome yangu iliyoning'inizwa na mama sebuleni. Nilifikiria koti la Anatole likivaliwa na mikono mifupi.

"Andika," nikasema.

Nililitunga mwenyewe, na sijawahi kuandika kitu rahisi namna ile. Mstari wa kwanza: aliye hai ni Citoyen Lumbu Kasongo. Mstari wa pili: fundi wa mashine ya meli, mkaaji wa Kataki. Wa tatu: aliyefariki ni Citoyen Lumbu Kasongo. Wa nne: muuza samaki, mkaaji wa Lubuye. Wa tano: kosa lilikuwa langu. Chini, jina.

Claudine akapanga herufi. Akatoa epreve. Tukasoma kama inavyotakiwa kusomwa: yeye anasoma kwa sauti maandishi yangu ya mkono, neno kwa neno, mpaka mkato na nukta, mimi nafuata kwa kidole kwenye epreve. Tukabadilishana, tukarudia. Halafu nikasoma peke yangu kuanzia mwisho kwenda mwanzo, ili macho yasikimbie.

Hapakuwa na kosa hata la kuazima. Nikatia sahihi. Juu yake nikaandika kwa wino mwekundu: KISIGUSWE.

Jumamosi mashine ilichelewa. Nilisimama mlangoni kwa wapiga chapa tangu asubuhi, nasikia ikikohoa na kunyamaza, ikikohoa na kunyamaza. Treni ya Kabalo haisubiri gazeti. Walipotoa furushi la kwanza nilichomoa moja katikati, nikatimua.

Nilisoma huku nakimbia. Mimi ni msahihishaji. Hata nikikimbia nasoma.

Nilisimama katikati ya barabara. Mwenye baiskeli akanikosa kidogo, akanitukana na ukoo wangu wote.

Hivi ndivyo lilivyochapwa:

"Aliyefariki ni Citoyen Lumbu Kasongo,
fundi wa mashine ya meli, mkaaji wa Kataki.
Aliye hai ni Citoyen Lumbu Kasongo,
muuza samaki, mkaaji wa Lubuye.
Kosa lilikuwa langu.
Citoyenne Feza Mukalay."

Someni tena, wasomaji. Mimi nilisoma mara nyingi, nikidhani macho yangu yameingia moshi.

Nilikuja kujua baadaye ilivyokuwa. Ijumaa, Claudine alipokwenda kula, Emile alipita kwenye meza ya herufi. Akaona mtu hai ametangulia mbele ya marehemu. Akasema huko ni kukosa adabu, marehemu hutangulia. Akanyanyua mstari wa kwanza na wa tatu kwa vidole vyake viwili, akaibadilisha nafasi. Wa pili na wa nne akaiacha palepale ilipokuwa. Akajifuta wino, akaenda zake. Hakutoa epreve nyingine. Hakumwita mtu. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mtu anayenyoosha kitambaa cha meza.

Mara ya kwanza alimwua shemeji yangu kwa jina. Mara ya pili alimwua kwa jina, kwa kazi na kwa mtaa. Na safari hii kwa sahihi yangu.

Niliikunja ile karatasi nikaiingiza kifuani. Nikasema: nitafika, sitaionyesha, nitapiga kelele, nitalala mbele ya treni, nitajua huko huko.

Lakini gazeti lilikuwa limenitangulia. Muuzaji alikuwa amepita na baiskeli, yule yule aliyenitukana.

Stesheni ilikuwa imejaa magunia, kuku na mikungu ya ndizi. Gérard alisimama kwenye ngazi ya behewa, koti la Anatole mwilini, gazeti limefunguliwa mbele ya uso. Vitu vya yaya yangu vilikuwa vimeshapakiwa. Niliona mguu wa kitanda ukichungulia dirishani.

"Ee! Shemeki amefika!" alipiga kelele. "Umetimiza ahadi, aksanti sana! Watu wangu, njooni musikie. Si mimi nasema. Ni gazeti. Ni huyu huyu mutoto wa diplome."

Akasoma. Alisoma vibaya, akikwama kwa kila neno refu, lakini alisoma yote. "Fundi wa mashine ya meli. Mukaaji wa Kataki." Akapitisha macho juu ya umati ili watu wameze. "Sasa hii kuko Lumbu mwingine fundi wa meli pale Kataki? Kama iko, ainue mukono!"

Hakuna aliyeinua.

Ndipo Mama Monique, ambaye alikuwa amekuja kupokea ndugu wa Kongolo, akamnyang'anya gazeti. Hakujua kusoma. Akampa mtu wa karibu. "Nisomee penye Lubuye."

Yule mtu akasoma.

"Rudia."

Akarudia.

Mama Monique alinijia pole pole, watu wakimpisha.

"Bwana yangu iko hai?"

"Mama, walibadilisha mistari, mimi..."

"Nakuuliza! Gazeti yenu imemufufua? Basi munionyeshe njia anapitia, nimupikie ugali! Mara ya kwanza mulimuiba akiwa maiti, mukampeleka kulilia Kataki. Leo mumemutoa mu kaburi. Kesho mutamufanya nini? Mutamuoza bibi mwingine?"

Watu walicheka. Cheko lile halijanitoka masikioni mpaka leo, maana Mama Monique alikuwa analia.

Yaya Rosalie alikuwa amekaa kwenye kifurushi chake, karibu na reli. Alinyoosha mkono. Nikampa karatasi ile ya kifuani, nisingeweza kumnyima. Yaya anasoma vizuri, ndiye aliyenifundisha mimi a, e, i, o, u kwa mkaa ukutani. Alisoma kimya kimya. Kidole chake kilifika chini kabisa, kikasimama.

"Hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu, yaya, lakini sivyo nilivyoandika. Emile aligusa tena. Nilisoma, nakuapia, nilisoma na Claudine mara..."

"Mara ya kwanza walikugusia," alisema. "Mara ya pili walikugusia. Sasa weye kazi yako ni nini, Louise?"

Aliikunja karatasi, akanirudishia mkononi.

"Nilikuuliza uape, haukuapa. Nikasema moyoni: Louise anajua kitu, anaogopa kuniambia. Na leo umeandika." Alisimama, akajifuta vumbi. "Ungeniambia tu kwa mudomo. Miye ni yaya yako. Haikufaa uniambie kwa gazeti."

"Yaya, usipande!"

"Nibaki wapi? Kwenye nyumba gani? Kwa kitanda gani?"

Akamuachia Gérard mkono wake, akapanda. Hakusukumwa. Hilo ndilo lililonikata: kwamba hakuna aliyemsukuma. Alipanda mwenyewe, kwa sababu ya mistari sita niliyoipitisha kwa wino mwekundu.

Nikaruka kwenye ngazi. Gérard akaniwekea kiganja kifuani, akanirudisha chini kama anasukuma mlango.

"Wacha familia ya marehemu isafiri kwa amani, shemeki. Umeshatusaidia vya kutosha."

Nilimtemea mate kwenye koti. Kwenye koti la Anatole, Mungu anisamehe.

Mkuu wa stesheni aliinua filimbi. Na hapo nikasikia jina langu likiitwa, si Louise, jina lote la karatasi. Nikageuka.

Niliyemuona kwanza alikuwa Claudine, anakimbia kati ya magunia, wino mikononi, kilemba kimeanguka mabegani. Nyuma yake kidogo alikuja askari, ndiye aliyeniita, bila haraka.

"Meli!" Claudine alihema. "Meli imefika bandarini! Anatole iko ndani, nimemuona kwa macho yangu, iko muzima, amekonda tu!"

"Rosalie!" nililia kuelekea dirishani. "Rosalie! Anatole iko bandarini!"

Gérard alivuta dirisha, akalifunga. Nikapiga kioo kwa ngumi. Nyuma ya kioo niliona yaya yangu akiangalia magoti yake. Alikuwa ameshaacha kuniamini, na mtu akishaacha kukuamini, hata ukipiga kioo anasikia kelele tu.

"Claudine, yuko wapi? Mwambie akimbie, aje hapa, aje haraka!"

"Hawezi." Alinishika mkono wote, wino wake ukanipaka. "Louise, hawezi. Pale getini ya bandari walikuwa wanasoma gazeti ya leo. Alipotoa kadi yake wakasema, Lumbu Kasongo fundi wa meli wa Kataki alikufa, iko hapa, imeandikwa. Wanasema ameiba kadi ya marehemu. Wamemufunga kamba."

Askari alikuwa ameshafika. Alikuwa na gazeti chini ya kwapa. Alilifungua kwa utaratibu, akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho, akanitazama kuanzia miguuni.

"Citoyenne Feza Mukalay?"

"Ni mimi."

"Sahihi hii ni yako?"

Mbele yangu magurudumu yalianza kuzunguka. Kichwa kilichonyolewa kilipita dirishani, halafu dirisha jingine, halafu jingine la watu nisiowajua.

"Ni yangu," nikasema.

"Wewe umeandika amekufa. Yeye anasema iko muzima." Alikunja gazeti, akanishika kiwiko. "Mmoja wenu ni muongo, na Komanda anataka kujua ni nani kabla ya kufunga biro. Twende."